Mlango wa mbele laki nane na nusu hapa Mtwara, wenye uzoefu naomba msaada

#1 Mwana wa Shangani
Wakuu habari za leo.

Nyumba yetu iko Shangani, mzee alijenga miaka ya sabini. Mlango wa mbele unakwama kila masika, tunausukuma kwa bega. Wiki iliyopita mama akaniambia, hebu angalia chini ya fremu upande wa bawaba. Nikachukua kisu cha jikoni, nikagusa tu, kikazama mpaka kwenye mpini. Ndani ni ungaunga na udongo wa mchwa. Rangi ndiyo ilikuwa imebaki imesimama.

Nimeita fundi. Kapima, kagonga ukuta, kazunguka nyumba, kasema laki nane na nusu. Mbao za mninga, kuvunja, kusimika na rangi. Grili haimo. Nikaomba mchanganuo, kanijibu "hiyo ni kazi nzima bosi".

Hiyo bei inatoka wapi? Mama ana miaka 74 na analala chumba cha mbele. Sitaki mvua za Desemba zikute fremu imeoza hivi.

#2 Korosho Mbivu
Tupo Oktoba mkuu. Minada ya korosho imeanza, na kila mwenye shamba Newala na Tandahimba anaezeka, anapiga lipu, anabadilisha milango. Mafundi wazuri wote wako huko. Aliyebaki mjini anakutajia bei anayotaka maana anajua huna wa kumlinganisha naye. Msimu wa 2024 bei ilipopita shilingi elfu nne kwa kilo, fundi wangu alihamia Tandahimba miezi mitatu, simu hapokei. Subiri Machi, bei itashuka yenyewe.

#3 Mama Chikongola
Asubiri Machi na mama yake analala chumba cha mbele? Machi mvua zitakuwa zimeshamaliza kuingia sebuleni.

Mwanangu, achana na mbao. Mimi nilinunua mlango wa chuma ule wa kutoka China, laki nne na themanini, umekuja na fremu, kitasa na funguo zake. Siku moja umesimama.

#4 Randa Kali
Mimi ni fundi seremala, sina kazi na huyo fundi wala simfahamu. Nakupa hesabu yangu kama ningeifanya mwenyewe, wewe ulinganishe.

Mlango wa paneli wa futi 3 kwa 7 pamoja na fremu yake unakula mbao nne za mbili kwa sita za futi 12, na moja ya moja kwa kumi kwa ajili ya paneli. Mninga mara ya mwisho nilinunua 48,000 kila mbao, hiyo ni 192,000. Ya paneli 40,000. Ufundi wa kutengeneza mlango na fremu 150,000. Kitasa kizuri 45,000. Bawaba tatu 24,000, na nasema tatu, sio mbili, mlango wa mninga una uzito. Vanishi, msasa na gundi 40,000. Kung'oa fremu ya zamani na kusimika mpya 60,000. Saruji na mchanga wa kurudishia lipu 10,000. Rangi ya ukuta kuzunguka mlango 35,000.

Jumla 596,000. Ukiniongezea usafiri na dharura tufike laki sita na nusu. Laki nane na nusu sijui laki mbili zimeingilia wapi. Muulize.

#5 Korosho Mbivu
Laki mbili ni msimu. Nimeshasema.

#6 Dereva wa Kusini
Wengine watasema ni barabara, kwa hiyo niwahi. Ni kweli Mei 2024, kimbunga Hidaya na zile mvua zilipokata barabara kule Somanga, vitu vilipanda. Nilikuwa na mzigo wa vifaa vya ujenzi, tulizungushwa kwa Songea. Lakini kilichopanda ni kitasa, bawaba, vanishi, vitu vinavyotoka Dar. Mninga hautoki Dar. Unatoka Liwale, Nachingwea, Tunduru, huku huku kwetu. Mbao zinakwenda Dar, hazitoki Dar.

Cha kumuuliza fundi ni kama mbao zake zina karatasi. Mbao halali ina alama ya nyundo ya watu wa misitu na kibali cha kusafirishia. Ukiona ya bei rahisi sana, inasafiri usiku.

#7 Kijana wa Mitwero
Dereva umesema kweli, ila zipo pia zinazovuka kutoka Msumbiji tangu daraja la Umoja lifunguliwe 2010 pale Mtambaswala.

Mwana wa Shangani, mimi niko Lindi. Nakuhadithia yangu usije ukarudia. Nilipata mlango wa mkongo kwa laki tatu na nusu, mzuri, mwekundu, nikajiona nimeokota. Fundi alipasua mbao Jumatatu, Ijumaa mlango umesimama. Ulikuwa mwezi wa tano. Ilipofika Agosti, upepo wa kusi umepiga, paneli zimesinyaa mpaka kwa pembeni naona taa ya jirani. Kitasa kikawa hakifiki kwenye tundu lake, nikawa nafungia kwa komeo la ndani na kutokea mlango wa uani. Mbao zilikuwa mbichi. Ile laki mbili unayoilalamikia inaweza kuwa ni bei ya mbao iliyokaa kivulini mwaka mzima.

Na nyie wa Mtwara mnalia bei wakati gesi mnayo.

#8 Randa Kali
Gesi ya Songo Songo iko mkoa wenu wa Lindi na ilianza kutumika 2004, mapema kuliko sisi. Tuache hayo.

Kwa mbao mbichi umegonga penyewe. Ila nirekebishe kitu: ubao hausinyai kwa urefu wake, unasinyaa kwa upana. Ndiyo maana paneli inaingizwa kwenye mfereji bila gundi, ipate kucheza. Fundi wako aliiganda kwa gundi, ikakosa pa kwenda, ikapasuka pembeni. Mninga unasifiwa kwa sababu hausinyai sana ukilinganisha na mbao nyingine ngumu. Mkongo nao ni mbao ya kuaminika, kosa halikuwa la mkongo.

#9 Kijana wa Mitwero
Gundi alipaka, tena nyingi, nilimwona kwa macho yangu. Kumbe.

#10 Mwana wa Shangani
Asanteni sana. Nimerudi kwa fundi na hesabu ya Randa Kali mkononi. Hakukasirika. Alinipeleka mpaka mlangoni, akanionyesha ufa unaoanzia kona ya juu ya fremu, unapanda kwa mshazari mpaka karibu na dari. Mimi ufa huo nimeuona tangu niko shule ya msingi, nikauzoea. Anasema nyumba haina lenta, fremu ndiyo iliyobeba matofali miaka yote hii. Akiing'oa bila kushikiza ukuta, matofali yanashuka. Hiyo laki mbili ni lenta ya zege juu ya mlango.

Nimepima pia: tundu lote fremu ikitoka litakuwa sentimita 101 kwa 214.

#11 Nondo na Zege
Sasa tunaongea. Kama kweli hakuna lenta, fundi wako ni mwaminifu, na wewe uliyemwita mwizi #2 umwombe radhi.

Lenta ya mlango wa mita moja inataka iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande, mimi naweka 20. Nondo za milimita 12 mbili chini, za milimita 10 mbili juu, ringi kila baada ya sentimita 20. Kwanza ukuta ushikizwe kwa miti pande zote mbili. Zege likishamwagwa, fomu ya chini, zile mbao zinazoshikilia zege, isiguswe wiki mbili. Wiki mbili hizo mlango wa mbele haupo, kuna uwazi umezibwa kwa mabati. Hilo ndilo watu hawaweki kwenye bajeti: nani analala sebuleni kulinda?

#12 Korosho Mbivu
Sikumwita mwizi, nimesema msimu. Soma tena.

#13 Mama Chikongola
Ngojeni kwanza. Ufa wa kona ya mlango kila nyumba ya zamani Mtwara unao. Kwangu upo, kwa dada yangu Magomeni upo, na hakuna tofali lililodondoka. Fundi akitaka kuongeza bei anaonyesha ufa. Avunje lipu sentimita 30 tu juu ya mlango, mtaona kama kuna lenta au hakuna. Patasi na nusu saa.

#14 Nondo na Zege
Mama hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia. Chimba kabla ya kulipa.

Ila nikuulize na mimi: huo mlango wako wa chuma ulikuwa saizi gani, na tundu lako lilikuwa saizi gani?

#15 Mama Chikongola
Mlango 96 kwa 205. Tundu lilikuwa kubwa kidogo, fundi akaziba kwa saruji juu na pembeni.

#16 Nondo na Zege
Ndivyo mingi inavyokuja, 96 kwa 205. Kwa Mwana wa Shangani yenye 101 kwa 214 itabaki nafasi ya sentimita 5 kwa upana na 9 juu. Sentimita 5 ukizigawa pande mbili ni 2 na nusu kila upande. Hapo hakai kipande cha tofali, ni saruji tupu, na fremu ya mlango huo ndani ni bati lenye uwazi. Usipoijaza saruji vizuri inalia ukigonga, na siku moja mtu anaing'oa kwa nondo.

#17 Mama Chikongola
Wangu haulii. Lakini sitaficha jambo moja. Niko mbali kidogo na bahari na bado kwenye miaka mitatu bawaba zimeanza kutoa machozi ya kutu, yanachuruzika mpaka kwenye kizingiti. Shangani bahari iko mlangoni. Huko sina hakika.

#18 Mkazi wa Ufukweni
Mimi niko Shangani, nijibu. Chuma kisichopakwa kila mwaka hapa kinaliwa. Grili yangu nilipaka red oksaidi, ile ya kuzuia kutu, mara mbili ndipo rangi, na bado kwenye maungio ya kuchomelea kutu inarudi kila baada ya kaskazi kuisha. Mlango wangu ni wa mtiki na bawaba za stenlesi. Bawaba ziligharimu 18,000 kila moja na watu walinishangaa. Mwaka wa sita huu, sijatia hata tone la mafuta.

#19 Mjukuu wa Mikindani
Nimesoma uzi wote. Mnaongelea bawaba kama vile mlango hauwezi kusimama bila bawaba.

Nyumba ya bibi yangu Mikindani ina mlango wa kale wa mbawa mbili, wenye mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika maungio. Hauna bawaba hata moja. Kila ubawa una kidole cha mbao juu na chini, kimechongwa kutoka kwenye mbao ile ile ya mlango, na kinazunguka kwenye tundu la kizingiti. Bibi alikuwa anatia mafuta ya nazi kwenye tundu la chini kila baada ya Idi. Ukiufungua unatoa sauti nzito kama mtu anakohoa chumba cha pili, na sisi watoto tulijua nani ameingia kwa jinsi ulivyolia. Hakuna chuma, hakuna kutu. Nina uchungu kila nikiona mtu pale Mikindani anang'oa mlango wa namna hiyo na kuuza ubawa kwa wageni, halafu anaweka wa bati.

Mwana wa Shangani, kabla hujatupa chochote, hebu angalia huo mlango wenyewe ni mbao gani. Mzee wako wa miaka ya sabini hakununua takataka.

#20 Mzee wa Mingoyo
Vijana, huyo mjukuu amesema neno.

Kwa umri wangu nimeona bidhaa za Dar zikifika huku kwa shida. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tunavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika gari lilikaa njiani siku kadhaa. Kwa hiyo mtu akijenga alitumia kilichopo: mkongo, mninga, mvule, na boriti za mikoko. Mama yangu alikuwa Lindi mjini kimbunga kilipopiga Aprili 1952. Alikuwa akisimulia kwamba mabati yaliruka lakini mlango wa kwao ulibaki umesimama katikati ya ukuta uliobomoka. Mpaka anafariki alikuwa haruhusu mtu asukume mlango kwa mguu.

#21 Mwana wa Shangani
Shikamoo mzee. Nitaangalia kesho asubuhi, mama pia ameshaanza kuuliza maswali hayo hayo.

#22 Kijana wa Mitwero
Wakati tunasubiri: fremu mpya asisahau oili chafu ya gari. Apake nyuma yote kabla ya kusimika, mchwa hawagusi.

#23 Randa Kali
Hapana, hapana. Oili chafu ilinipotezea kazi mbili. Saruji haishiki kwenye mbao yenye oili, fremu inacheza ndani ya ukuta. Na ikipita mwaka inachora doa jeusi kwenye lipu, rangi yoyote ukipaka doa linarudi. Nunua dawa ya mchwa dukani, paka mara mbili, acha ikauke. Halafu miguu ya fremu isikae juu ya udongo wala zege lenye unyevu moja kwa moja, weka karatasi ngumu ya nailoni chini yake. Mchwa wa kwake walipanda kutoka chini, ndiyo maana kisu kimezama chini na sio juu.

#24 Mkazi wa Ufukweni
Baba yangu alitumia oili chafu 1988 na fremu ipo hadi leo.

#25 Randa Kali
Sibishi ya mzee. Ilikuwa mbao gani?

#26 Mkazi wa Ufukweni
Mkongo.

#27 Randa Kali
Basi ilikuwa mkongo, haikuwa oili.

#28 Mkazi wa Ufukweni
Wewe hukuwepo.

#29 Mwana wa Shangani
Wakuu nimerudi na habari.

Leo tumechimba lipu juu ya mlango kama Mama Chikongola alivyosema, mimi na patasi, fundi akiangalia. Sentimita kama kumi hivi tukakuta boriti mbili za mikoko zimelala sambamba, zimeingia ukutani pande zote. Nimezigonga kwa nyundo, zinalia kama chuma. Rangi nyeusi iliyoiva, hakuna tundu hata moja la mdudu. Kwa hiyo lenta ya zege hakuna, lakini kitu kimebeba. Fundi mwenyewe alikaa kimya, akazipapasa kwa kiganja, akasema "hizi sijazikuta muda mrefu".

La pili. Nimekwangua rangi kwenye ubawa wa mlango chini ya kitasa, upana wa kiganja. Zilitoka rangi nne: bluu, kijani, maziwa, bluu tena. Chini yake mbao nyekundu ya kahawia, nzito. Tulipoutoa kwenye bawaba tuliunyanyua watu watatu. Fundi anasema mkongo. Mama alikuwa amekaa kwenye baraza, akasema huo mlango mzee alikuja nao kutoka Nachingwea kwenye lori, mimi nilikuwa sijazaliwa. Hajawahi kuniambia.

Kwa hiyo kibovu ni fremu tu, tena mguu mmoja na nusu. Swali langu limebadilika: bado nabadilisha mlango?

#30 Randa Kali
Usithubutu kuutoa ubawa huo. Ubao wa mkongo wa miaka hamsini umeshakauka kuliko chochote utakachonunua leo. Randa upande wa kitasa milimita tatu nne, bawaba mpya tatu, fremu mpya ya mninga, msasa, vanishi. Mimi ningefanya kwa laki mbili na tisini, wenzangu wanaweza kusema tatu na nusu.

#31 Nondo na Zege
Ubawa sawa. Boriti hapana. Ni imara leo, lakini ule ufa wa mshazari haukuja bure. Boriti zimeinama hata kama hazijaoza. Vuta uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine uone katikati pameshuka kiasi gani. Ukishafungua ukuta na mafundi wapo, mwaga lenta, usirudi tena hapo maisha yako yote.

#32 Mzee wa Mingoyo
Boriti zimekaa nusu karne. Acheni.

#33 Mama Chikongola
Mimi narudi kwa mama yako. Lenta ni wiki mbili za mabati mlangoni, na mama analala chumba cha mbele. Mwaka jana mtaa wa nyuma yangu walitoa mlango Ijumaa kusubiri mpya Jumatatu. Jumapili usiku waliamka televisheni haipo. Ukiamua lenta, mhamishe mama kwanza.

#34 Korosho Mbivu
Na fundi bado anataka laki nane na nusu, au ameshuka?

#35 Mwana wa Shangani
Ameshuka mwenyewe bila kuombwa. Laki tatu na elfu themanini, fremu na matengenezo ya ubawa, boriti zibaki. Akiweka lenta ni laki tano na nusu. Nilipomuuliza kwa nini mwanzo hakusema mlango ni mzima, akasema watu wakimwita kwa mlango wanataka mlango mpya, ukiwaambia wa zamani ni mzima wanadhani hujui kazi.

Tumevuta uzi. Katikati pameshuka milimita nane.

#36 Nondo na Zege
Milimita nane kwa mita moja! Lenta.

#37 Mzee wa Mingoyo
Milimita nane kwa miaka hamsini.

#38 Mjukuu wa Mikindani
Zile rangi nne usizitoe zote kwa msasa. Acha kipande kidogo nyuma ya mlango, upande wa bawaba, pasipoonekana.

#39 Mwana wa Shangani
Mama kasema hivyo hivyo. Anataka ile bluu ya kwanza ibaki. Usiku huu tumeuegemeza ubawa mahali pake na kuukazia kwa ubao na misumari, mimi nalala sebuleni. Fundi anakuja saa mbili asubuhi na mimi bado sijaamua la boriti. Mwenye picha ya lenta iliyomwagwa juu ya boriti bila kuzitoa anitumie, nasikia inawezekana.